Usingoje mengineyo

Mikutano mingi ya vijiji huenda hivi. Ajenda zinasomwa, taarifa ya mapato na matumizi inapitishwa kwa mikono iliyonyooshwa harakaharaka, jua linapanda, wenye mifugo wanaondoka kwenda kunywesha. Kisha mwenyekiti anatamka neno "mengineyo", na hapo ndipo mikono inainuka kwa wingi. Pampu imekufa, kalavati limezibwa na mchanga, mpaka wa eneo la shule umesogezwa. Kila mtu anasema lake na anapigiwa makofi. Mtendaji anaandika mstari mmoja: "Wananchi walitoa kero mbalimbali na mwenyekiti aliahidi kuzifanyia kazi." Kikao kinafungwa.

Baada ya miezi mitatu mkutano mwingine unaitishwa, na hakuna wa kuulizwa, kwa sababu kero mbalimbali hazina mwenyewe wala tarehe. Watu wakisema mikutano haina maana, wanasema kweli kuhusu mikutano ya namna hiyo. Lakini tatizo haliko kwenye mkutano wenyewe. Liko kwenye mahali tunapoingiza jambo letu, na kwenye yale tunayoyaacha yaandikwe vibaya.

Tuanze na haki yenyewe, maana wengi hawaijui vizuri. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982 inamfanya kila mkazi wa kawaida wa kijiji aliyefikisha miaka 18 kuwa mjumbe wa mkutano mkuu. Si mgeni mwalikwa, ni mjumbe. Na mkutano huo ndio wenye kauli ya mwisho katika sera za kijiji. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, inatekeleza na kurudi kutoa hesabu. Halmashauri inakutana kila mwezi, mkutano mkuu angalau mara moja kila miezi mitatu. Mijini mambo yana tofauti: mtaa hauna hadhi ya kisheria kama kijiji, haumiliki ardhi wala kushtaki kwa jina lake. Hata hivyo mengi ya hapa chini yanafaa kwa mkutano wa mtaa pia.

Sasa, jinsi ya kuingiza ajenda. Ajenda za mkutano mkuu huandaliwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji kinachotangulia, na wenyeviti wa vitongoji wote ni wajumbe wa kikao hicho. Kwa hiyo njia fupi inapitia kitongojini. Ukifika kwa mwenyekiti wako wa kitongoji wiki moja kabla ya mkutano mkuu, umechelewa, halmashauri imeshakaa. Nenda mwezi mmoja kabla, tena usiende na maneno matupu. Peleka barua ya ukurasa mmoja kwa mwenyekiti wa kijiji kupitia kwa mtendaji, na nakala kwa mwenyekiti wa kitongoji. Iandike mara mbili, ili nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, nawe urudi nayo nyumbani. Mtendaji akikosa muhuri siku hiyo, saini na tarehe zinatosha.

Ndani ya barua, andika azimio unalolitaka, siyo malalamiko. "Pampu mbovu" ni malalamiko. "Mkutano uazimie kwamba chombo cha watumia maji kiwasilishe taarifa ya makusanyo ya miezi sita iliyopita na gharama ya kutengeneza pampu, kabla ya tarehe 30 mwezi ujao" ni azimio. La pili lina mhusika, lina kitu cha kuletwa, lina siku. Hata likikataliwa, litakuwa limekataliwa kwa kura na kuandikwa hivyo. Saini tano au kumi za majirani chini ya barua husaidia kuliko watu mia wanaonung'unika kisimani.

Siku ya mkutano, fika mapema na usaini orodha ya mahudhurio. Wengi huona hili ni urasimu, wakasimama chini ya mwembe pembeni na kusikiliza. Lakini orodha ndiyo inayothibitisha mkutano ulikuwa mkutano. Azimio zuri lenye majina 23 nyuma yake, katika kijiji cha watu elfu mbili, linapingwa kirahisi na yeyote ambaye halimfai.

Ajenda ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote ni ile inayorukwa zaidi: kusoma na kuthibitisha muhtasari wa mkutano uliopita. Mara nyingi mwenyekiti husema "muda umekwenda, tuuchukulie kama umesomwa", na watu wanaitikia. Msiitikie. Muhtasari ambao haujasomwa mbele ya waliokuwepo unaweza kuwa na azimio ambalo hakuna aliyelipitisha, na ukishathibitishwa, huo ndio ushahidi. Mtu anyooshe mkono aombe usomwe, mwingine amuunge mkono. Wakati unasomwa, sikiliza mambo manne: idadi ya waliohudhuria, maneno yenyewe ya kila azimio, nani alipewa kazi, na lini. Palipokosewa, sema hapohapo rekebisho liandikwe. Baada ya hapo huja "yatokanayo na muhtasari", na hapo ndipo ahadi ya miezi mitatu iliyopita inaulizwa kwa jina na kwa tarehe, bila kumkosea mtu adabu. Nikitazama maneno yanayotumika vijijini, naona "yatokanayo" ndiyo silaha ya mwananchi, na tunaiacha imelala.

Kwenye mapato na matumizi, usiogope tarakimu. Hesabu ya kijiji ina mistari minne: bakaa (yaani salio) ya kuanzia, mapato, matumizi, bakaa ya kufungia. Swali la kwanza ni kama robo iliyopita ilifunga na kiasi kilekile ambacho robo hii imefungua. Kama Machi ilifungwa na shilingi 1,840,000 na Aprili imefunguliwa na 1,340,000, laki tano zina safari yake na inapaswa kuelezwa. Swali la pili: bakaa ya kufungia iko benki au mkononi? Iliyo benki huthibitishwa na taarifa ya benki, iliyo mkononi huonyeshwa. La tatu, kila matumizi makubwa yaliidhinishwa na kikao gani, cha tarehe gani? Matumizi yasiyo na kikao nyuma yake ndiyo ya kufuatilia, hata kama fedha ilinunua kitu cha kweli. Na mchango wowote unaotoa wewe, uwe wa darasa au wa zahanati, dai risiti. Usiporisitiwa, fedha hiyo haitaonekana kwenye mstari wa mapato, na baadaye utaulizia kitu ambacho kwenye vitabu hakipo.

Kuna nafasi nyingine ambayo watu makini huikwepa, nayo ni ujumbe wa kamati za miradi. Shule na zahanati nyingi sasa hujengwa kwa force akaunti, yaani kwa mafundi wa kawaida chini ya usimamizi wa jamii badala ya mkandarasi. Kwa kawaida huundwa kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi ya vifaa. Wenye sauti hukimbilia ya ujenzi au manunuzi. Ushauri wangu: weka watu wenu wavumilivu kwenye mapokezi. Mradi huibiwa zaidi pale lori linaposhusha kuliko penginepo, na anayesaini hati ya mapokezi bila kuhesabu ameshaubariki wizi kwa mkono wake.

Kazi yenyewe haihitaji uinjinia. Nondo ya milimita 12 ina uzito wa takribani gramu 888 kwa mita, hivyo yenye urefu wa mita 12 ina karibu kilo 10.7, na tani moja inatoa nondo kama 94. Pima urefu kwanza kwa futi ya utepe, kisha weka moja au mbili kwenye mizani. Ikisoma kilo 9, kipenyo chake kinakaribia milimita 11, na renta (boriti ya juu ya milango na madirisha) ya darasa la watoto haitakiwi kusimama juu ya nondo hizo. Saruji ihesabiwe mifuko ikiwa bado juu ya gari na ihesabiwe tena stoo. Usitegemee hesabu ya mshushaji. Soma daraja lililochapishwa kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ulinganishe na lililoandikwa kwenye oda. Bonyeza kona ya mfuko: ukikuta mabonge yasiyovunjika kwa vidole, saruji imeshaingia unyevu, irudi. Iliyopokelewa ipangwe juu ya mbao, mbali kidogo na ukuta, la sivyo mtaiharibu wenyewe kabla fundi hajaifikia.

Mchanga ndio unaowapunja wengi, kwa sababu unanunuliwa kwa tripu na tripu haina kipimo. Pima bodi la tipa kwa ndani. Lenye urefu wa mita 4, upana mita 2.2 na kina sentimita 80 linabeba mita za ujazo 7 likijaa sawasawa na ukingo. Mchanga ukiwa chini ya ukingo kwa sentimita 20 tu, robo ya mzigo haipo, na ukiutazama kutoka chini hutaona. Panda juu, chomeka kijiti kwenye pembe nne na katikati, andika kina kwenye hati kabla halijamwaga. Dereva atalalamika kwamba anacheleweshwa. Mwache alalamike, kipimo kiishe. Na mkikataa kitu, andikeni kwenye hati hiyohiyo idadi iliyokataliwa na sababu, msaini wote waliokuwepo. Mjumbe mmoja akibaki peke yake na jambo hilo, shinikizo litamwangukia yeye.

Ardhi ni sura yake peke yake, ila jambo moja lisipite. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila idhini ya mkutano mkuu iliyotangulia. Inayotangulia, siyo inayofuata. Mwekezaji akitambulishwa kwenu huku vigingi vimeshapigwa, utaratibu umepinduliwa, na swali la kuuliza ni tarehe ya mkutano ulioidhinisha na namba ya azimio. Baraza la ardhi la kijiji nalo lina wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake, na majina huidhinishwa na mkutano mkuu. Lisiundwe ofisini. Vivyo hivyo sheria ndogo: ukitozwa faini, omba kuona sheria yenyewe na uthibitisho kwamba halmashauri ya wilaya iliipitisha, maana bila uthibitisho huo ni tangazo tu.

Halafu kuna kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na madiwani hupitisha makadirio mapema zaidi, mwanzoni mwa mwaka. Kipaumbele cha kijiji kikipitishwa Machi, bajeti imeshafungwa na kitangoja mwaka mzima. Lengeni mkutano wa Oktoba hadi Desemba, ili mapendekezo yapite kamati ya maendeleo ya kata yakiwa na muhtasari uliosainiwa. Pelekeni vipaumbele viwili au vitatu vyenye idadi na mahali, wala siyo orodha ya kumi na tano. Orodha ndefu humpa mpangaji wa wilaya uhuru wa kuchagua chepesi kwake.

Mikutano isipoitishwa kabisa, andikeni kwa mtendaji wa kata, nakala kwa mkurugenzi wa halmashauri ya wilaya, mkitaja tarehe ya mkutano wa mwisho. Mkinyimwa taarifa za mradi, Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba kwa maandishi, na ofisi ina siku 30 za kujibu. Siku hizo zihesabiwe tangu barua ilipopokelewa, ndiyo maana ile nakala yenye muhuri isipotee.

Na uongozi wenyewe. Uchaguzi wa serikali za mitaa hufanyika kila baada ya miaka mitano. Wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024. Uchaguzi huo una orodha yake ya wapiga kura, tofauti na daftari la kudumu la wapiga kura. Mwenye kadi ya mpiga kura mfukoni ambaye hakujiandikisha kwenye orodha ya kitongoji au mtaa wake hapigi kura, na mwaka 2024 dirisha la kujiandikisha lilikuwa la siku kumi tu, Oktoba 11 hadi 20. Anayetaka kugombea aanze kukusanya vinavyotakiwa kwenye fomu mapema kuliko hapo, kwa kuwa jina lililoandikwa tofauti na la kitambulisho, au sehemu moja isiyojazwa, huibuliwa siku ya pingamizi wakati muda wa kurekebisha haupo. Jaza fomu na mtu mwingine pembeni anayeisoma kwa sauti, mstari kwa mstari, kisha irudishe siku ya kwanza dirisha linapofunguliwa.