Jiko la Peleti Linalojizima Ovyo

Jamani, nani mwingine anateswa na jiko la peleti, hili la kupasha nyumba joto kwa vijipande vya unga wa mbao ulioshindiliwa? Unaliwasha, linanguruma, moto unashika vizuri, nyumba inaanza kupata joto. Hujakaa hata kitako, kimya! Limezimika. Kwenye skrini kuna herufi moja na namba, basi. Sasa hiyo inaniambia nini?

Unasafisha chungu cha moto, pale peleti zinapoungulia. Unazibua vile vitundu vya hewa vilivyojaa majivu yaliyoganda kama saruji. Unakagua kamba ya kuziba mlango, unafagia bomba la moshi. Linawaka, unashangilia, linazimika tena! Kumbe kuna kijibomba chembamba cha mpira kinachokwenda kwenye swichi ya hewa. Kikiziba kwa vumbi, swichi inadhani hewa haivutwi, inakata kila kitu. Kijibomba tu!

Na peleti zenye unyevu je, zinazovunjika zikawa unga na kukwamisha skrubu inayozisukuma? Hizo nazo ni balaa.

Wenzangu mnaolala na makoti, semeni nanyi. Watengenezaji wanashindwa nini kuandika pale kwenye skrini "hewa haipiti"? Maneno mawili tu, na sisi huku tunaganda!