Dele la Kahawa Limekuwa Mpaka

Baraza za Amu, mji wetu wa Lamu, zina adabu moja: akija mtu, aliyekaa husogea. Nenda pale Mkunguni, mbele ya ngome, ukaone adabu hiyo ilipofia. Tangu uchaguzi wa Agosti 2022 wa Azimio, muungano wa Raila, ana ncha yake, wa Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, ana yake, na dele la kahawa limewekwa katikati kama kituo cha mpaka. Salamu zinapitia kwa muuza kahawa. Haya, tarehe 7 Machi 2025 Ruto na marehemu Raila wakakutana Nairobi, jumba la KICC, wakatia saini hati ya ushirikiano ya mambo 10, wakacheka na wapiga picha. Huku dele halikusogea hata shubiri. Hakuna aliyeteuliwa kulisogeza.

Linaloudhi ni kwamba tunanuniana na hatujui tunanunia nini. Mvuvi hatoki gatini kabla ya kujua mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, fungu la mabaharia. Samaki wakija, hakuna kikao. Wanasiasa nao wameamrishwa vivyo hivyo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011, kwenye Jedwali la Tatu kule nyuma ambako msomaji hafiki ila amepotea, inataka mkataba wa muungano useme vyeo vitagawanywa kwa kigezo gani, fedha kwa hesabu gani, ugomvi utaamuliwa vipi na muungano utavunjika kwa sababu zipi. Kisha upelekwe kwa Msajili wa Vyama. Chama cha muungano kinatakiwa kiuwasilishe miezi 4 kabla ya uchaguzi. Mkataba ukifungwa baada ya uchaguzi, ni ndani ya siku 21.

Mambo huharibikia hapo kwenye miezi 4. Mafungu yanaandikwa Aprili, samaki wanavuliwa Agosti. Kila chama kinajikatia fungu kwa kura kinazojidhania. Agosti ikifika, aliyejidhania ana papa anajikuta na dagaa, lakini karatasi inasema papa, naye ameikumbatia kama hati ya shamba. Mwenye nyavu zilizojaa anasema hebu tuisome upya. Wote wawili wana hoja, wallahi, ndiyo maana hawanyamazi.

Zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2002 LDP ya Raila na NAK ya Kibaki waliingia muungano wa NARC kwa hati ya maelewano, karatasi ya kuaminiana tu, isiyo na mahakama ya kuisimamia. LDP wakadai nusu ya mawaziri na cheo cha waziri mkuu, wenzao wakaisahau hati ilipowekwa. Wakavutana hadi kura ya maoni ya katiba ya tarehe 21 Novemba 2005, chungwa la waliosema hapana likaishinda ndizi ya Kibaki, na siku mbili baadaye Rais Kibaki akavunja baraza zima la mawaziri. Baraza zima! Letu hili lina nyufa tu.

Ukaja mkate nusu kwa nusu wa 2008, serikali ya Kibaki na Raila, mawaziri 40. Hebu kata mkate wa sinia vipande 40 uone kama utapata cha kuchovya. Na bado walishindwa kuafikiana nani awe kiongozi wa shughuli za serikali bungeni, makamu wa rais au waziri mkuu. Mwaka 2009 Spika Marende akakataa kumchagua yeyote, akakikalia mwenyewe kiti cha kamati inayopanga shughuli za Bunge. Huyo ndiye muuza kahawa wetu, sema yeye alilipwa.

Vyeo angalau vinaonekana. Fedha ndizo zinazovunja udugu kimyakimya. Sheria imeutengea Mfuko wa Vyama vya Siasa kiwango cha chini cha asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya taifa. Tangu marekebisho ya 2022, asilimia 70 ya mfuko inagawanywa kwa kura, 15 kwa waliochaguliwa kutoka makundi maalumu, 10 kwa idadi ya wawakilishi, na 5 ni ya kuuendesha mfuko wenyewe. Kabla ya hapo chama kisichofikisha kiwango cha kura kilichowekwa kilitoka mikono mitupu. Kwa hiyo NASA, muungano wa Raila wa 2017, ilikuwa imebeba ugomvi wake tumboni: mgombea urais, Raila, alikuwa wa chama cha ODM, kura zake zikahesabiwa ODM, na fedha zikafuata njia hiyohiyo. Wenzao wa vyama vya Wiper, ANC na Ford Kenya, waliozunguka nchi nzima kumwombea kura, wakabaki kunusa mvuke wa pilau.

Nawe mfuasi usijihesabie fungu. Sheria hiyohiyo inasema fedha za mfuko asilipwe mwanachama wala mfuasi, isipokuwa mfanyakazi wa chama. Yule aliyepanda mnazi kufunga bendera hana chake. Akianguka, bendera itabaki juu.

Tuje kwenye kutoka. Kuingia muunganoni ni saini, kutoka ni kesi. PAA, chama cha Amason Kingi kule kwa wenzetu wa Kilifi, kilitia saini Azimio, kikahamia Kenya Kwanza hata kura hazijapigwa. Oktoba 2022 Spika Wetang'ula akawahesabu wabunge 14 wa vyama vya aina hiyo upande wa Kenya Kwanza, ndipo upande huo ukawa wa wengi bungeni. Mahakama Kuu ikasema alikosea. Lini? Februari 2025! Miaka 2 na miezi 4 kujua watu 14 wako zizi gani, na siku chache baadaye Spika akahesabu tena, Kenya Kwanza wakawa wengi vilevile. Hapa punda akihama zizi hujulikana kabla ya adhuhuri, tena punda hana wakili.

Mbunge akikihama chama chake peke yake, Katiba kifungu cha 103 inamvua kiti. Chama kizima kikihama naye ndani, anafika na kiti chake, mto wake na dereva. Kesi za washirika wa muungano zina mahali pake, Jopo la Kutatua Mizozo ya Vyama vya Siasa, lenye miezi 3 ya kutoa uamuzi, lakini ni sharti waonyeshe kwanza kwamba wamejaribu kusuluhishana nyumbani. Kusuluhishana huko ndiko kule tunakokuona kwenye televisheni wakirushiana vitabu.

Kwetu hapa gavana aliingia kwa ANC. Januari 2025 ANC ikatangaza kujiunga na UDA, chama cha Ruto. Kofia za ANC bado nzima kabisa, sasa zinavaliwa na wapakuzi wa mchanga gatini.

Uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Toa miezi 4. Ukiwaona wanakumbatiana Machi hadi kofia zinaanguka, usilie kwa furaha, ni tarehe ya Msajili inawabana. Nawe muuza kahawa, lisogeze basi hilo dele kidogo. Wa ncha ile ndiye mwenye kashata.