Idadi ya Chembe Topeni na Mashaka Yanayoeleweka Vibaya

Ripoti kuhusu plastiki katika mashapo, yaani tope na mchanga uliotulia chini ya maji, ya pwani iliyo jirani na jiji kubwa huwafikia wasomaji ikitanguliwa na idadi moja: chembe kadha wa kadha katika kila kilo ya tope kavu. Mtafiti huulizwa papo hapo kama tope hilo ni hatari, naye husita. Watetezi wa mazingira huisikia sauti ya viwanda katika kusita huko, na si bila sababu, kwa kuwa wenye viwanda wamezoea kuyachukua maneno "ushahidi haujakamilika" na kuyafanya ngao. Hata hivyo, anayesita kwa sababu anakijua kipimo chake na anayejikinga kwa sababu anaijua faida yake hawasemi jambo moja.

Hoja ya wanaotaka hatua za haraka ni nzito, na haifai kuipuuza. Katika bonde la bahari la Santa Barbara, kando ya pwani ya California, nguzo ya tope iliyochomolewa chini ya maji na kusomwa tabaka kwa tabaka ilionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, kwamba plastiki imekuwa ikiongezeka maradufu takriban kila baada ya miaka 15 tangu 1945, na sehemu kubwa yake ilikuwa nyuzi za vitambaa. Zaidi ya hayo, chembe zikishatulia topeni hakuna njia ya busara ya kuzitoa, kwa maana kulichimba tope ni kuzitibua upya na kuwaua viumbe wale wale tunaodai kuwaokoa. Anayesema bomba lifungwe leo ana haki ya kusikilizwa.

Lakini hebu tuitazame idadi yenyewe inavyopatikana. Ili kuitenga plastiki na mchanga, maabara nyingi hulikoroga tope katika maji yaliyokolezwa chumvi ya kawaida, ambayo densiti yake, yaani uzito katika ujazo fulani, hufikia takriban gramu 1.2 kwa kila sentimita ya ujazo, kisha huokota kinachoelea. Poliethilini na polipropilini, yaani plastiki ya mifuko na vifuniko, huelea bila taabu. Poliesta ya nguo, yenye densiti ya karibu gramu 1.38, huwa na mwelekeo wa kuzama pamoja na mchanga, na plastiki ya PVC ya mabomba hali kadhalika. Wapo wanaotumia kloridi ya zinki, chumvi inayofanya maji kuwa mazito zaidi, wakazipata chembe hizo, ila ni ghali na ni sumu, kwa hiyo si kila maabara huimudu. Maana yake ni kwamba ufuo mmoja, tope lile lile, siku ile ile, unaweza kutoa idadi mbili zilizo mbalimbali kabisa kwa sababu ya chumvi tu. Ongeza tundu la chujio: anayechuja kwa mikromita 300 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) hawezi kulinganishwa na anayechuja kwa mikromita 50, ingawa magazeti huwalinganisha kila mwaka.

Kuna na jambo la kuvunjika. Mchemraba wa plastiki wenye milimita 1 kila upande ukimeguka kuwa michemraba ya milimita 0.1, tunapata chembe 1,000 pasipo bahari kuongezewa hata gramu moja. Idadi imepanda mara elfu, uzito uko pale pale.

Hapa ndipo mashaka ya mtafiti yanapoeleweka vibaya kuliko popote. Wengi hudhani kwamba anayetilia shaka idadi anasema tatizo limekuzwa. Kwa tope la karibu na jiji, mara nyingi shaka hiyo inaelekea upande wa pili. Jiji hutema kwa wingi nyuzi za nguo kupitia maji taka na vumbi la tairi kupitia mitaro ya barabarani, na vyote viwili ni vizito kiasi cha kukwepa njia rahisi ya kuelea. Tairi ina balaa la ziada: kaboni nyeusi iliyomo hufyonza mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, ambao ndio chombo cha kawaida cha kuitambua plastiki, kwa hiyo hata chembe iliyookotwa huweza kupita bila kuandikwa. Idadi inayotangazwa kwa kishindo huenda, basi, ikawa ndogo kuliko ukweli.

Kuhusu madhara, tahadhari inahitajika zaidi. Jaribio la mwaka 2013 lilionyesha kwamba minyoo wa mchangani walioishi katika mashapo yenye asilimia 5 ya PVC kwa uzito walipoteza hadi nusu ya akiba yao ya nishati. Matokeo hayo hunukuliwa sana, na kile kiwango cha asilimia 5, ambacho ni kikubwa mno kwa fuo nyingi, huachwa nyuma.

Nisichokubaliana nacho kwa upande wa wanaosita ni pale kusita kunapoachwa kuvuka mpaka wa kipimo na kuingia katika sera. Marekani ilipoziondoa chembe za plastiki katika vipodozi vya kuoshwa kwa sheria ya mwaka 2015, haikungoja maabara zikubaliane kuhusu chumvi. Kwa bahati mbaya ilikuwa imechagua chanzo chepesi, kinachoonekana na chenye mbadala tayari, wakati nguo na tairi, ambazo vipimo vyetu huzihesabu vibaya kuliko vyote, hazikuguswa na sheria hiyo. Ripoti inayotaja densiti ya chumvi, tundu la chujio na uzito wa plastiki kando ya idadi haitapendeza sana katika kichwa cha habari. Itamsaidia, walau, mhandisi wa jiji kuamua kama fedha zake ziende kwenye mtambo wa maji taka au kwenye mabwawa ya kutulizia maji ya barabarani.