Sentimita Chache za Mguu: Oksijeni ya Shinikizo na Ngozi Inayokufa

Daktari wa Tanga anaweza kumaliza utumishi wake bila kumwona mgonjwa hata mmoja wa purpura fulminansi, lakini akimwona hatamsahau. Damu huganda ndani ya mishipa midogo ya ngozi, mabaka ya zambarau hujitokeza na kugeuka meusi kwa saa chache, kisha vidole, au hata mguu mzima, huanza kufa. Mara nyingi chanzo ni maambukizi makali ya damu, hasa ya meningokoka, bakteria wanaosababisha pia homa ya uti wa mgongo. Kwa watoto wachanga wachache mno, ni kuzaliwa wakiwa hawana protini C, ambayo ndiyo breki ya kuganda kwa damu. Linalobishaniwa ni kama mgonjwa huyo, akishapewa tiba ya msingi, aingizwe pia katika chumba cha oksijeni ya shinikizo, yaani chumba kilichofungwa ambamo mtu huvuta oksijeni tupu chini ya shinikizo kubwa kuliko la angahewa.

Wanaokataa wana sababu. Ushahidi uliopo ni taarifa za mgonjwa mmoja mmoja, na taarifa za namna hiyo huandikwa zaidi pale mgonjwa anapopona. Aliyefia njiani hana wa kumwandikia. Isitoshe, mgonjwa ambaye shinikizo lake la damu linaporomoka si wa kufungiwa mahali ambapo muuguzi hamfikii upesi. Masikio huweza kuumia, oksijeni iliyozidi huweza kuleta degedege, na hatari ya moto haipuuzwi. Hoja ile ya taarifa ndiyo nzito kuliko zote, nami sina jibu la kuiondoa.

Hata hivyo, nyingi katika hoja hizo zinajibu dai ambalo halikutolewa. Hakuna mtetezi makini anayesema kwamba oksijeni huyeyusha damu iliyoganda. Kinachosemwa ni kidogo kuliko hapo. Mtu anayevuta hewa ya kawaida huwa na kama mililita 0.3 tu za oksijeni iliyoyeyuka katika kila mililita 100 za damu, kwa kuwa oksijeni nyingine yote hubebwa na chembe nyekundu. Akivuta oksijeni tupu chini ya shinikizo mara tatu ya lile la angahewa, kiasi hicho hufika karibu mililita 6, ambacho peke yake karibu kinautosheleza mwili uliotulia. Mwaka 1960 Ite Boerema na wenzake wa Amsterdam walichapisha matokeo ya nguruwe walioishi ndani ya chumba kama hicho huku damu yao ikiwa karibu haina chembe nyekundu kabisa. Basi penye mshipa uliozibwa nusu, ambapo chembe hazipiti lakini majimaji ya damu bado yanapenya, oksijeni hufika. Penye mshipa uliozibwa kabisa haifiki, wala hakuna anayedai kwamba inafika.

Kwa hiyo ubishi wote unahusu ukingo, yaani ule ukanda wa ngozi na nyama ulio kati ya kilichokufa na kilicho hai, ambao bado haujaamua uende upande gani. Msomaji anaweza kuuliza sentimita chache zina faida gani. Zina faida kubwa, kwa sababu ukanda huo ukiwa karibu na goti ndio utakaoamua kama mguu utakatwa chini ya goti au juu yake. Aliyebaki na goti lake hutembea na mguu wa bandia kwa nguvu chache sana kuliko aliyelipoteza. Huinuka kitini, hupanda ngazi. Mfikirie mvuvi wa Sahare, anayelazimika kukanyaga tope la pwani maji yakipwa na kujiinua hadi ndani ya ngalawa: kwake goti ni riziki. Anayepima tiba hii kwa idadi ya vifo peke yake hataiona tofauti hiyo hata akiwa na takwimu za miaka mingi.

Kudai jaribio kubwa ni haki, lakini kwa ugonjwa adimu unaokimbia kwa saa, wagonjwa wa kutosha hawatakusanyika upesi popote duniani.

Kwa Tanga, mpangilio hauna utata: antibiotiki kwanza, bila kungoja majibu ya maabara, kisha plazma, yaani majimaji ya damu ya kuongezewa, na kwenye ngozi nyeusi, ambapo mabaka hujificha, yatazamwe pia viganja, nyayo na ndani ya kope. Vyumba vya pwani yetu viliwekwa hasa kwa ajili ya wapiga mbizi, na kumsafirisha mgonjwa aliye mahututi ili avifikie kunaweza kumuua kabla ya oksijeni kumsaidia. Lakini hata pasipo chumba, hoja ya ukingo inamhusu daktari wa upasuaji anayenoa kisu mapema. Kidole kilichokauka na kuwa cheusi kinaweza kungojewa wiki kadhaa hadi mpaka kati ya kilichokufa na kilicho hai ujichore wenyewe. Kilichoanza kuoza na kutoa usaha hakingoji.