Karindula iingie ukumbini?

Rafiki zangu wapiga muziki hapa Lubumbashi wanataka ukumbi wa muziki wa majaribio, ule usiojali kama watu watacheza au la. Kila mara wananitajia Cafe OTO ya London, iliyofunguliwa mwaka 2008 mtaani Dalston: mchana mgahawa, usiku watu wanatulia kusikiliza sauti ambazo redio haiwezi kuzigusa. Nawaelewa. Jaribu kitu cha ajabu kwenye baa ya Kamalondo, mtaa wa hapa Lubumbashi, uone: hujafika katikati, mwenye baa ameshakupungia mkono urudishe rumba, watu hawanywi. Bia ndiyo inayolipa spika, basi bia ndiyo inayochagua wimbo.

Wanaopinga nao wana hoja nzito, nami sitaki kuipita mbio. Majaribio tunayo siku nyingi, bila ukumbi. Tazama karindula: pipa la mafuta lililofunikwa ngozi ya mbuzi, limechomekwa mti mrefu na kufungwa nyuzi, banjo inayomzidi mpigaji kwa unene. Imekulia matangani na barabarani. Mwenda Jean-Bosco naye, Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta mwaka 1952 akipiga gitaa njiani Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Kidole gumba na cha shahada tu, ungedhani wapigaji ni wawili. Ukumbi, wanasema, utaishi kwa pesa za wafadhili, matangazo yatakuwa Kifaransa kitupu, na mlangoni tutakutana wale wale ishirini.

Hilo la ishirini ni kweli kabisa (mimi ni mmoja wao). Ila tukumbuke kwamba sauti ya Mwenda ilisalia kwa sababu mgeni alipita na mashine, na leo kanda za Tracey zinatunzwa Afrika Kusini. Waliopiga njiani siku ambayo mashine haikupita, nani anawajua?

Kwa hiyo ukumbi naukubali, lakini usiwe mjini kati. Uwe Kamalondo au Katuba, mchana uwe malewa, yaani mgahawa wa kawaida, bukari (ugali wetu) na samaki vilipe kodi na mafuta ya jenereta. Umeme wetu mnaujua.

Kuna tanga moja Katuba nilimwona mpigaji akiinamisha karindula juu ya makaa, anagonga ngozi kwa kidole, anasikiliza, anairudisha motoni mpaka ikakaza. Katika ndoto zote za ukumbi nilizosimuliwa, hakuna aliyetaja mahali pa kuwashia moto.