Malalamiko manane na maua ya uzi

Nane. Hiyo ndiyo idadi ya malalamiko yaliyotosha, Juni 2021, kuifanya Royal Academy of Arts ya London itangaze mbele ya dunia nzima kwamba haitauza tena kazi za Jess de Wahls, msanii wa tarizi, katika duka lake. Taasisi hii ya wasanii iliyoanzishwa mwaka 1768, yenye jumba la fahari pale barabara ya Piccadilly, iliingia Instagram na kuwashukuru waliowazindua kwamba dukani mwao kuna bidhaa ya msanii mwenye kauli za chuki dhidi ya watu waliobadili jinsia. Bidhaa yenyewe ilikuwa maua. Maua madogo ya tarizi, ya rangi za kuvutia, ya kubandika kwa pasi kwenye koti la jinzi au kwenye mkoba.

Kabla mwezi haujaisha, tarehe 23, Akademia ileile ikamwomba radhi hadharani. Ilisema haikuwa na haki ya kuyahukumu maoni yake mitandaoni. Ilisema imeusaliti msingi wake mkuu, yaani kuulinda uhuru wa kusema. Ikakiri pia kwamba mawasiliano ya ndani yalivurugika hata mwenyewe akazisikia habari za kuondolewa kwake mitandaoni, kama mpita njia yeyote.

Tangu hapo kisa hiki kinasimuliwa kwa namna mbili. Wapo wanaosema Akademia iliwatupa waliobadili jinsia mara tu magazeti yalipoanza kelele. Wapo wanaosema, na hata huku kwetu nimekiona kikisambazwa kwa furaha hiyo, kwamba hatimaye Wazungu wamerudiwa na akili. Wote wawili wanaisoma radhi ile kama hukumu kuhusu jinsia. Nimeisoma zaidi ya mara moja na sioni mahali inaposema de Wahls alikuwa sahihi. Inakiri hata kwamba uhuru wa kusema huweza kuwaumiza watu. Walichoombea radhi ni namna walivyomtendea mtu, basi. Ukitaka kujua kama walistahili kuomba, ni hilo la kupima, na ukilipima nadhani utaona mama huyu wa sindano amesemwa vibaya kuliko anavyostahili.

Tuanze na alichoandika. De Wahls ni Mjerumani anayeishi London. Mwaka 2019 alichapisha insha ndefu. Kiini chake ni hiki: hana ugomvi na mtu anayependa kuvaa, kuishi na kujionyesha kama watu wa jinsi nyingine. Asichokubali ni dai kwamba kwa kujihisi hivyo mtu amekuwa kweli wa jinsi hiyo, na kwamba apewe kila haki ambayo sheria imemtengea aliyezaliwa nayo. Unaweza kulipinga hilo kwa hoja, na wengi wanalipinga. Lakini kulipinga ni kazi moja na kuliita chuki ni kazi nyingine, na Akademia iliruka ya kwanza ikaenda moja kwa moja kwenye ya pili.

Kiswahili nacho kina mtego wake hapa. Wasomi wetu wanatenganisha jinsi, ile ya mwili, na jinsia, ile ya nafasi na mwenendo katika jamii. Mtaani tunasema jinsia kwa vyote viwili, na fomu za serikali nazo zinaandika hivyohivyo, kwa hiyo hata mabishano yetu wenyewe mara nyingi ni ya watu wawili wanaotumia neno moja kwa vitu viwili. Insha ya de Wahls ilikuwa ikibishana papo hapo, kwenye ule mwanya kati ya jinsi na jinsia. Ndiyo maana haifai kufupishwa kwa neno moja kali.

Kuna jambo ambalo Akademia haikuweza kudai halikutangazwa. Tarehe 10 Juni 2021, siku chache kabla ya tangazo lake, mahakama ya rufaa ya kesi za ajira Uingereza ilitoa uamuzi kuhusu Maya Forstater, mtafiti ambaye mkataba wake na taasisi aliyoifanyia kazi haukuendelezwa baada ya kuandika mitandaoni kwamba jinsi ya mtu haibadiliki. Mahakama ilisema imani hiyo inalindwa na Sheria ya Usawa ya 2010, kama zinavyolindwa imani nyingine za dini na za falsafa. Ilisema pia, na kipande hiki hukatwa na washabiki, kwamba ulinzi huo haumpi mtu kibali cha kuwanyanyasa waliobadili jinsia, wala hauwapunguzii wao ulinzi walio nao katika sheria hiyohiyo. Habari ilijaa magazetini. Siku hazikupita nyingi, Instagram ikapambwa na lile tangazo.

Nirudi kwenye nane, maana idadi hii hainitoki.

Sisemi nane ni wachache mno. Angekuwa mmoja mwenye hoja, angestahili kusikilizwa. Muuza maandazi akilalamikiwa na wateja wanane kwamba mafuta yake yamechacha, hatakimbilia kubandika karatasi ukutani kwamba aliyemletea mafuta ni tapeli. Atamega andazi aonje. Akiona kweli, atampigia simu aliyemuuzia: bwana, mafuta gani haya? Hapo ndipo ninapokwama na Akademia. Kati ya malalamiko na tangazo palitakiwa pawe na barua pepe moja kwa msanii. Palitakiwa pawe na siku mbili tatu za mtu mwenye dhamana kukaa na insha yenyewe. Ni taasisi yenye rais, yenye mtendaji mkuu, yenye baraza la wasanii wenye majina makubwa. Haikosi wa kuketi na kurasa chache. Badala yake mchele ukamwagwa penye kuku wengi, na mwenye mchele akaja kuokota pamoja na kuku.

Na zingatia ni nani alichapwa. De Wahls hakuwa na maonyesho pale. Kazi yake haikutundikwa ukutani, ilikuwa dukani, kwenye upande wa kadi na mikoba ya kununua ukitoka. Msanii wa ngazi hiyo anakula kwa oda ndogondogo. Neno alilobandikwa na taasisi ya kifalme linafika kwa kila mwenye duka, kila mwenye ukumbi na kila mwenye darasa la ushonaji kabla yake yeye kufika.

Kwa anayeijua historia ya jumba lile, maua yale yanauma zaidi. Kati ya waasisi wa 1768 walikuwamo wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, na huyu Moser sifa yake ilikuwa kuchora maua. Johan Zoffany alipochora picha maarufu ya wanachama wale, 1771 hadi 1772, aliwaweka wanaume wakiwa wamekusanyika chumbani kumtazama mwanamume aliye uchi wa kuchorwa. Wanawake wale wawili hawakuweza kuonyeshwa katika chumba kama hicho, kwa hiyo aliwaweka ukutani, sura mbili ndani ya fremu, wakiwatazama wenzao kutoka juu kama picha za marehemu. Baada yao, mwanamke aliyefuata kupata uanachama kamili ni Laura Knight, mwaka 1936. Rais mwanamke wa kwanza, Rebecca Salter, alichaguliwa Desemba 2019. Na katika miaka ya mwanzo kabisa Akademia ilijiwekea kanuni kwamba kazi za sindano, maua ya bandia, karatasi za kukatwakatwa na mapambo ya kombe za baharini visipokelewe katika maonyesho yake, kwa kuwa ni vikorokoro. Zaidi ya miaka 250 baadaye sindano ilikuwa imefika dukani, ikiwa imetunga maua, ikaambiwa itoke.

Sidai kwamba waliomwondoa walikuwa na kanuni ile kichwani. Nasema tu kwamba taasisi yenye historia ya namna hiyo ilipaswa kujikagua mara mbili kabla ya kumfungia mlango mwanamke mwenye sindano kwa sababu ya alivyofikiri kuhusu maana ya kuwa mwanamke.

Upande wa pili una hoja, na zipo nzito.

Ya kwanza ni ya biashara. Hakuna msanii mwenye haki ya rafu. Kila siku duka linaacha kuagiza bidhaa hii na kuchukua ile, na haliwajibiki kumweleza mtu. Akademia haiendeshwi kwa ruzuku ya serikali. Inaishi kwa tiketi, ada za wanachama, wafadhili na hilo hilo duka. Mteja akikataa kununua, naye amesema. Ukimnyima mteja kusema kwa pochi yake halafu ukajiita mtetezi wa uhuru wa kusema, umejichanganya.

Ya pili ndiyo inayonigusa. Chukua kijana aliyebadili jinsia, mwajiriwa wa duka la namna hiyo, aliyesimama kaunta na kuskani vile viua kila mteja anapolipa. Anajua aliyevitengeneza ameandika kwamba yeye, mwenye kaunta, siye anayejisema kuwa. Kwa wengine hii ni mada. Kwake ni jina lake, ni choo atakachoingia mchana, ni foleni ya kliniki ya wanaobadili jinsia, ambayo Uingereza watu huisubiri kwa miaka. Magazeti ya huko yamemjadili asubuhi na jioni kama vile hayupo chumbani. Leo anasikia mwajiri amesimama naye, na wiki inayofuata mwajiri anaomba radhi kwa kusimama. Anayemwambia kijana huyo kwamba ni suala la utaratibu tu wa mawasiliano hajamsikiliza.

Nakubali yote mawili, na bado naona Akademia ilikosea kwa de Wahls. Haki ya kuchagua bidhaa haikuguswa na mtu. Wangeweza kuacha kuagiza maua, na hakuna aliyekuwa na la kuwafanya. Walichofanya ni kumchukua mtu aliye hai, wakamtia kosa la tabia, wakalitangaza kwa wafuasi wao wote, bila kumuuliza. Hilo si kuchagua bidhaa. Na kijana wa kaunta sioni alilindwa na nini. Alipewa tangazo, kitu kisichokuwa na gharama, ambacho taasisi ingeweza kukikana na ikakikana. Angeulizwa, huenda angetaka kikao na wakuu wake, au uhakika wa namna atakavyotendewa kazini.

Sasa kuna jambo ambalo waliosherehekea radhi ile hawapendi kuligusa. Nimesema wangeweza kuacha kuagiza kimyakimya. Wangefanya hivyo, de Wahls angepoteza kiasi kilekile cha fedha na asingepata radhi ya mtu. Akademia iliponzwa na uwazi wake. Pengine somo ambalo wakuu wa taasisi nyingine za sanaa walilichukua wiki ile lilikuwa hilo: usitangaze. Barua pepe isijibiwe, mwaliko usifike, bajeti iwe imebana mwaka huu, samahani. Msanii anayeondolewa kwa mtindo huo hana picha ya skrini ya kuwaonyesha waandishi wa habari, hana hata uhakika kama ameondolewa au ni bahati mbaya. Kwa hiyo sijui kama radhi ya Juni 2021 iliwapanulia nafasi wasanii wenye maoni yasiyopendwa, au iliwafundisha wenye milango kuifunga bila kuibamiza. Na hili linawahusu wenye maoni ya kila upande. Mlango uliofungwa taratibu kwa de Wahls leo utafungwa taratibu kesho kwa msanii aliyebadili jinsia, pale upepo ukigeuka.

Na upepo Uingereza umegeuka. Juni 2023 baraza la kesi za ajira liliona kwamba Denise Fahmy, mfanyakazi wa Arts Council England, chombo kinachogawa fedha za umma kwa sanaa, alinyanyaswa na wenzake kwa sababu ya imani inayofanana na ya de Wahls. Tarehe 16 Aprili 2025 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba neno mwanamke ndani ya Sheria ya Usawa lina maana ya jinsi ya kibiolojia. Wapo wanaorudi nyuma na kusema: mnaona, Akademia ilifanya vyema kuomba radhi, mama alikuwa sahihi. Sikubaliani nao. Uamuzi wa 2025 ungetoka kinyume, radhi ya 2021 bado ingedaiwa, kwa sababu deni lake halikuwa la jinsia.

Akademia ilisema itafungua tena mazungumzo na de Wahls, na hilo ni jema. Wale wanane ndio ninaowafikiria bado. Walishukuriwa hadharani kwa kulifikisha jambo, wakaambiwa kwa maneno mengine kwamba wametenda wema. Siku chache baadaye, hadharani vilevile, ikasemwa kwamba kilichofanywa kwa malalamiko yao ni usaliti. Katika radhi ile hapana mstari hata mmoja ulioelekezwa kwao.