Ile pini ilikuwa ya umeme, siyo ya uganga

Naona sauti ya dakika mbili imeshazunguka magrupu matatu, jamaa yangu mmoja (anajijua) anasimulia eti nilikwenda kupeleka mahari nikaishia kufanya uganga kwa pini ya shangazi wa watu. Nimeisikiliza mara nne. Anacheka kuliko anavyosimulia. Basi ngoja niseme mwenyewe, maana humo ndani cha kweli ni kimoja tu: pini ilikuwepo.

Jumamosi, mahari ya binamu yangu, Chamazi. Mimi ndiye dereva wa wazee: mshenga mbele, nyuma babu, baba mdogo na huyo mwenye mdomo. Kanzu zimepigwa pasi, Premio imeoshwa mpaka matairi. Kwamba hiyo Premio ilikuwa na wiki mbili inazimika yenyewe ikishapata moto, nilikuwa najua mimi na Mungu. Taa ya injini inawaka, inazima, inawaka tena. Nikaambiwa kontroli boksi, ile kompyuta inayoendesha injini, imekufa. Nani kaniambia? Jirani. Anakaanga chipsi. Naomba tusikae sana hapo.

Nikaenda Gerezani kwenye maduka ya spea, nikaacha laki mbili na nusu, nikarudi na ya mtumba. Namba yake, ile inayoanza na 89661, nililinganisha na ya kwangu tarakimu kwa tarakimu mpaka muuzaji akachoka kunishikia tochi. Nikaitupia kwenye buti, niifunge Jumapili kwa utulivu.

Gari haikutaka Jumapili. Mahari imepokelewa, pilau limeliwa, tumesindikizwa na ukoo mzima. Nawasha, narudi nyuma mita kama nne, puu, imezima. Katikati ya geti. Sisi hatutoki, wao hawafungi.

Mwenye akili zake hapo anaita fundi. Shida ni kwamba wakati wa pilau nilikuwa nimemwambia baba wa binti, bila kuulizwa na mtu, kwamba gari langu mafundi hawaligusi, natengeneza mwenyewe. Mzee wa watu akaja akasimama pembeni, mikono nyuma, anisubiri nitengeneze. Nikakunja mikono ya kanzu.

Nikalegeza teminali ya betri, nikatoa droo ya dashibodi, nikaingiza kichwa humo. Miguu nje. Kanzu imepanda ilikopanda. (Picha zipo, msiniombe.) Spana namba kumi, ambayo maisha yangu yote sijawahi kuikuta ninapoihitaji, siku hiyo ilikuwepo, nikaona kabisa ni dalili ya heri. Dakika ishirini nikaibuka na utando wa buibui kwenye kofia, nikarudisha betri, nikakaa kwenye usukani.

Sasa hapa twende taratibu, maana hapa ndipo ninapoamkia usiku.

Nikapiga starta. Injini ikawaka. Siyo kuwaka kwa kubembeleza, imewaka safi, mara moja! Shangazi wa binti akaachia kigelegele. Kina mama wengine wakadakia. Nikatoa mkono dirishani nikawapungia kama mgombea. Mkono ukiwa bado hewani, injini ikakata. Sekunde mbili hazikufika. Kigelegele cha shangazi kikabaki peke yake pale juu, hakina pa kutua, kikashuka kidogo kidogo mpaka kikawa kikohozi.

Nikawasha tena. Ikawaka, vigelegele, ikakata. Mara ya tatu kina mama wakasubiri kwanza. Aliyepiga ni mtoto mmoja tu, akafinywa.

Nikampigia fundi umeme. Akaanza kwa kucheka, halafu akanieleza. Ufunguo wangu una chipu, na gari lina kisanduku chake cha ulinzi kinachousoma. Kontroli boksi niliyoleta imezoea kisanduku cha gari jingine, kwa hiyo inaruhusu injini sekunde mbili, ikiona haipati jibu inalolijua, inakata. Dawa: kwenye soketi ya kupimia chini ya usukani, unganisha tundu namba 4 na namba 13 kwa kipande cha waya, fungua swichi bila kupiga starta, subiri dakika thelathini. "Na mtu asiguse ufunguo."

Waya sina. Shangazi akachomoa pini kwenye ushungi wake. "Mwanangu, hii itakufaa?" Nikaikunja, nikapiga magoti mchangani, nikaipachika.

"Sasa tunafanya nini?" akauliza baba wa binti.

"Tunasubiri, mzee. Zizoeane."

"Nani na nani?"

Nikajaribu kueleza. Mshenga akanisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe na hizi zinahitaji mshenga."

Nakubali, kwa mtu anayepita barabarani palikuwa na la kusema. Kijana wa kanzu kapiga magoti mlangoni mwa gari, pini imechomekwa gizani, wazee wamezunguka kimya. Mpita njia mmoja alivua kofia.

Dakika ya ishirini na sita nikasikia "klik". Babu, aliyekuwa amehamia kiti cha mbele kupumzisha magoti, ananitazama kwa huruma.

"Mjukuu wangu, uliacha swichi wazi. Nimekuzimia, betri isije ikaisha."

Ungekuwa wewe ungesemaje? Nilisema, "Ahsante, babu." Nikaanza upya, moja mpaka thelathini.

Yaliyobaki hayana utamu. Wazee wakaondoka na bajaji mbili. Dakika zikatimia, zikazoeana, betri ikawa hoi, tukaibusti kwa gari la jirani, nikafika kwangu saa nne usiku. Jumatatu likazima tena kwenye taa za barabarani. Fundi akafungua boneti, akatikisa waya wa ethi kwenye injini, ule wa kurudishia umeme, ukamfuata mkononi. Bolti imelegea, kutu tupu. Elfu kumi na tano. Akaipima kontroli boksi yangu ya zamani. Nzima, haina hata mkwaruzo.

Kwa hiyo mwenye Premio anayetafuta kontroli boksi aje inbox, hii nimeitoa mwenyewe kwa mikono yangu. Pini haiuzwi, shangazi ameshaiulizia mara mbili.